Uko na Joka Mkononi na Jirani Amesema "Niko Kadi": Jinsi ya Kucheza Mkono Mkali Meza Ikichafuka

Wacha tuanze na kitu watu hukosea. Ukisema "poker" Las Vegas, watu wanafikiria Texas Hold'em, miwani nyeusi na chips za rangi. Ukisema "poker" Kasikeu, hapa Kilome, kaunti ya Makueni, mtu anasogea kwenye benchi, anachanganya karata na kuuliza, "Ni mbao mbao ama finje?" Poker yetu ni ile wengine wanaita kadi. Unatupa aina juu ya aina, namba juu ya namba, unaomba, unaokotesha wasee, halafu unatangaza "niko kadi". Tanzania wana ndugu yake kwa jina la last card.

Hii makala ni ya yule msee anajua kucheza lakini hashindi. Karata kali anapata, joka anapata, lakini mwisho wa siku anarudi home mfuko ukiwa mwepesi. Buda, shida yako si bahati. Shida ni kwamba hujui mkono mkali unachezwa vipi meza ikiwa moto.

Sheria kwa haraka, ndio tuwe ukurasa mmoja

Deki ni karata 54 ukihesabu majoka mawili. Kila mtu anapewa nne (base zingine tatu). Kazi zao ziko hivi:

- 2 inaokotesha mbili, 3 inaokotesha tatu, joka inaokotesha tano. Hizi jumla ni 10 kwa deki.
- A inaomba aina unayotaka, na pia inazuia kuokota. Ziko 4. A ya spedi base nyingi inahesabiwa nguvu ya A mbili.
- 8 na Q ni maswali. Ukitupa lazima ujibu na karata ya aina hiyo, ama uweke swali lingine juu. Ukikosa jibu, unaokota moja. Ziko 8.
- J inaruka mtu, K inageuza mzunguko. Ziko 8.
- 4, 5, 6, 7, 9 na 10 ni majibu. Ziko 24.

Hapo kwa majibu weka alama, kwa sababu ndiko mchezo wote uko. Huwezi kumaliza na joka, 2, 3, A, J, K wala swali tupu. Unamaliza na jibu. Na lazima useme "niko kadi" zamu moja kabla ya kumaliza, la sivyo hata ukitupa ya mwisho haihesabiki.

Kabla doh iwekwe mezani, kubalianeni mambo manne: joka inakaa juu ya karata yoyote ama rangi yake tu? Baada ya joka kuokotwa, anayefuata anatupa chochote ama? Joka juu ya joka ni kumi ama inabaki tano? A ya spedi inaweza kuomba karata yenyewe, namba na aina? Kila base ina katiba yake. Vita nyingi nimeona kwa base hazikuwa za pesa, zilikuwa za sheria ambazo hakuna mtu aliuliza mapema.

Mkono mkali ni upi kwanza?

Watu wengi wakiona joka, 2 mbili na A wanaanza kutabasamu. Manze, huo mkono ni tajiri lakini hauna mlango wa kutoka. Hauna jibu hata moja. Unaweza kuokotesha kijiji kizima na bado ukakaa hapo ukingoja 6 ama 9 ije.

Fanya hesabu. Majibu ni 24 kati ya 54, haifiki nusu ya deki. Ukipewa karata nne, karibu mara 9 kati ya 100 utapata mkono usio na jibu kabisa. Si mara nyingi, lakini ikitokea lazima ujue wewe si mshambuliaji, wewe ni mtu anatafuta jibu.

Mkono mkali kweli una vitu vitatu: silaha moja, ngao moja, na jibu lenye njia. Mfano: joka (silaha), A (ngao), 9 ya maua (jibu). Huo unashinda mkono wa majoka mawili na 2 mbili siku yoyote.

Na kuna mkono mkali zaidi ambao watu huutupa ovyo: swali na jibu lake. Q ya maua na 9 ya maua. Hizo mbili zinatoka kwa zamu moja. Ukisema "niko kadi" ukiwa nazo, watu wanaona karata mbili, hawajui wafunge mlango gani. Aliyebaki na karata moja kila mtu anamlenga. Wewe wa mbili wanakuchukulia poa kiasi.

Hatari ya kwanza: aliye kadi ni jirani yako anayefuata

Hii ndiyo hali rahisi kuielewa na ngumu kuicheza. Jirani amebaki na karata moja, zamu yako imefika, una joka na jibu. Unatupa nini?

Angalia namba. Ukitupa joka, karata za kukuzuia ambazo hujaziona ni tano tu: joka lingine na A nne (kama huna A wewe). Mwanzo wa mchezo, ukiwa umeona karata zako nne na ile ya juu, zimebaki 49 usizozijua. Mtu mwenye karata nne ana nafasi ya kama asilimia 36 ya kukuzuia. Mwenye mbili, kama 20. Mwenye moja, 10 tu. Na huyu wa moja anataka kumaliza, kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa ameshika jibu, si A. Ukweli uko chini ya hata hiyo kumi.

2 nayo inazuiwa na 2 tatu zilizobaki pamoja na A nne. Kwa mtu wa karata nne ni kama asilimia 47 atakujibu. Kwa mtu wa karata moja ni 14.

Umeona kitu hapo? Joka linakuwa na nguvu zaidi jirani akiwa na karata chache. Wale wanatupa joka raundi ya kwanza ndio waonekane wababe wanaitumia ikiwa na makali kidogo zaidi. Iweke. Lakini usiiweke hadi ikuzikie: siku jirani anasema "niko kadi" ndiyo siku ya joka. Hakuna siku nyingine unangoja.

Je, una J ama K badala ya joka? J inamruka, kwa hivyo kila mtu mwingine anacheza na zamu inarudi kwako kabla ya kumfikia. K inageuza mzunguko, kwa hivyo mkiwa watano, wengine watatu wanacheza kabla yake, na pengine mmoja wao akamnyoosha. Hizi mbili hazimuumizi, zinakununulia muda. Tumia J ama K kama wewe mwenyewe uko tayari kumaliza zamu ijayo. Kama hauko tayari, unaahirisha mazishi yako tu.

Hatari ya pili: aliye kadi amekaa upande mwingine

Hapa ndipo mabingwa wa mdomo hupotea. Mkiwa wewe, Jirani, Jamaa wa Kofia. Wa Kofia ndiye yuko kadi. Wewe na joka lako unashikwa na hasira, unampiga Jirani tano. Jirani anaokota, zamu inaenda kwa Wa Kofia, na kama base yenu inaruhusu karata yoyote juu ya joka lililookotwa, umemfungulia mlango kwa mikono yako. Anaweka, anasimama, anachukua doh.

Kosa kama hilo hilo: K wakati aliye kadi ametoka kucheza kabla yako. Unageuza mzunguko, zamu inamrudia yeye kwanza. Na J wakati yuko nafasi ya pili mbele yako. Unamruka Jirani, unamkabidhi yeye.

Silaha ya hali hii ni A, na ya kuitumia ni kumbukumbu. Aliye kadi aliokota wakati gani? Kama juu kulikuwa na daimondi na akaokota badala ya kutupa, wakati huo hakuwa na daimondi. Omba daimondi. Kama wewe ndiye una daimondi ya kumaliza, hata bora, umemfunga na umejifungulia.

Lakini subiri. Hiyo kumbukumbu ina shimo ndani yake, na mimi nilianguka humo mzima mzima.

Siku ya kuku

Ilikuwa mwaka nimeacha chuo. Semista mbili, fee imekwama, nikarudi home nikiwa na simu, begi na maneno mengi. Mathe hakusema kitu. Asubuhi moja alinipa 600 niende Sultan Hamud nilete chanjo ya kuku, kwa sababu kideri kilikuwa kimeanza kuonekana kwa majirani. Kuku walikuwa 14.

Boda ya kwenda ilikuwa inangoja ijae. Chini ya mti kulikuwa na benchi, na kwenye benchi kulikuwa na mbogi. Mbao mbao. Nikasema raundi mbili tu. Nikashinda moja, nikapoteza nne, mtu akasema tupandishe iwe soo ndio warudishe zao. Kufika saa sita nilikuwa na 200 na tumebaki watatu, 200 kila mtu mezani. 600 kamili. Pesa ya chanjo ilikuwa imelala pale mbele yangu inaniangalia.

Mkono wangu: joka, 2 ya roho, 2 ya daimondi, 5 ya spedi. Juu kulikuwa na 9 ya spedi. Jirani yangu, mzee mmoja mtulivu wa kuuza makaa, alikuwa amesema "niko kadi". Karata moja.

Nikafikiria hivi: raundi iliyopita kulikuwa na spedi na mzee akaokota. Kwa hivyo hana spedi. Wacha nitupe 5 ya spedi, joka nimwekee yule mwingine.

Nikatupa. Mzee akanitazama kama mtu anahurumia mtoto wa jirani. "Kijana, hilo joka ulikuwa unampelekea nani?" Sikujua alijuaje. Akaweka 5 ya maua juu ya 5 yangu, akakunja pesa.

Makosa yalikuwa matatu kwa karata moja. La kwanza: niliangalia aina nikasahau namba. Aina si mlango pekee, namba pia ni mlango. La pili: niliyejua kuhusu mzee ilikuwa kabla hajaokota. Kile alichookota sikukiona. Kumbukumbu ya "hana spedi" ilikuwa imeshazeeka. La tatu, na ndilo baya: 5 ilikuwa jibu langu la pekee. Hata mzee angekosa, ningebaki na joka na 2 mbili, silaha tele na hakuna mlango.

Niliambia mathe chanjo ilikuwa imeisha dukani. Wiki tatu baadaye kuku walibaki watatu. Alifagia manyoya uwanjani bila kuuliza kitu, na hadi leo hajauliza. Nafikiri alijua siku ile ile.

Hatari ya tatu: wewe ndiye uko kadi

Ukitangaza, meza inageuka kuwa yako peke yako, kwa ubaya. Kila 2, 3 na joka inatafuta jina lako. Kwa hivyo panga kutoka kabla ya kutangaza, si baada.

Chukua mkono huu: joka, A ya spedi, 2 ya roho, 9 ya maua. Njia tamu ya kumaliza ni kubaki na A na 9, kutupa A, kuomba maua, kusema "niko kadi", na kungoja zamu irudi ukiweka 9. Inaonekana safi. Lakini umefanya mambo mawili kwa mpigo: umewaambia wote umeshika maua, na umetupa ngao yako. Anayecheza kabla yako akiwa na 2 ya maua, umeokota.

Ukitaka kubaki na ngao, inabidi ushike A na 9 na utangaze baadaye, ambayo inakuchelewesha. Lipi sawa? Angalia idadi ya watu kabla zamu ikurudie. Mkiwa wawili ama watatu, tupa A uombe, kwa sababu wa kukuvuruga ni wachache. Mkiwa watano ama sita, mlolongo ni mrefu, mtu atabadilisha aina ama akupige. Hapo afadhali usubiri watu wapunguze silaha zao, na utoke na swali na jibu ikiwezekana.

Hesabu silaha zinavyotoka. Za kuokotesha ni 10 tu kwa deki. Ukiwa umeona saba zimelala kwenye rundo, dunia imekuwa salama kidogo. Rundo likigeuzwa na kuchanganywa, anza hesabu upya. Watu wengi hapo ndipo hulala.

Na Texas je?

Siku hizi kuna wasee wanacheza Texas kwa simu na wengine mezani, kwa hivyo usiachwe. Kila mtu ana karata mbili za siri, tano zinafunguliwa katikati kwa wote. Somo ni lile lile kwa nguo tofauti.

Umeshika 8 mbili, ya spedi na ya maua. Zinafunguliwa tatu: 8, 9 na 10, zote roho. Una tatu za 8, mkono mkali. Lakini meza inanuka. Mtu yeyote mwenye roho mbili amekuzidi, na Q na J pia, na 7 na J pia. Mpinzani wa kubahatisha ana roho mbili mara kama 4 kwa 100, na wewe una nafasi ya kama 1 kati ya 3 ya kuboresha hadi full house ama zaidi karata mbili za mwisho zikifunguliwa. Kwa hivyo usitupe mkono kwa woga. Weka pesa ya kiasi, mfanye mwenye roho moja alipe kuona karata ijayo. Lakini mtu mkimya ambaye ametulia masaa mawili akisukuma rundo lote ghafla, huyo si mpinzani wa kubahatisha tena. Kwa meza za pesa ndogo, mtu mkimya akipaza sauti, mwamini.

Kuhusu doh na sheria

Cheza bila pesa kama unaweza. Chai, soda, ama aliyeshindwa achanganye karata ni adhabu tosha. Ukiweka pesa, fanya hesabu hii kabla ukae: watano mbao mbao ni soo kwa raundi. Hakuna pesa mpya inazaliwa kwenye benchi. Raundi 20 ni 400 umeweka mezani, na kama uwezo wenu ni sawa, kwa muda mrefu unarudi na kile ulikuja nacho, ukiwa umepoteza mchana.

Weka pesa ya mchezo mfuko mmoja na ya kazi mfuko mwingine. Dau likipandishwa "ndio watu warudishe", hiyo ndiyo saa ya kusimama. Anayesema hivyo ama amepoteza sana ama anajua wewe umepoteza sana.

Kuhusu serikali: tangu 1966 kamari Kenya ilikuwa chini ya Betting, Lotteries and Gaming Act, Sura ya 131. Mwaka wa 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Gambling Control Act. Ya zamani ama mpya, kitu kimoja hakijabadilika: kamari ya pesa bila leseni inaweza kukupandisha kwa Land Cruiser ya polisi, na hakuna afisa atasikiza kuwa ilikuwa mbao tu. Chini ya miaka 18 usikae hapo kabisa.

Kabla hujatupa, jiulize hivi

Nani yuko kadi, na ananifuata ama ako mbali? Karata hii inamfungia aina na namba, ama aina tu? Ninachojua kumhusu ni cha kabla hajaokota ama baada? Nikitupa hii, bado nina jibu la kutokea? Na doh iliyo mezani, ni yangu kweli?

Hilo la mwisho ndilo nilisahau siku ya kuku. Hayo mengine ungeyasoma tu kwa uso wa mzee wa makaa.